Kiraka cha Rimu Huishia Wapi?

Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo rimu zinazoumia sana ni za kushoto. Yangu iliumia mwezi wa Ramadhani, nilipokuwa nawahi kuegesha kabla ya adhana ya magharibi. Ukingo wa zege wa barabara ulikula mdomo wa rimu ya mbele kwa urefu wa kiganja, kina chake hakikufika milimita moja. Gari ni IST, rimu zake ni za spoti za inchi 15, zimepakwa silva.

Mkwaruzo huo mmoja nimeulipia mara mbili. Kazi ya kwanza ilimeta siku niliyoichukua na ikaanza kubanduka kabla ya miezi mitatu kwisha. Ya pili imemaliza mwaka na haijatikisika. Vifaa vya mafundi hao wawili vilifanana kwa majina: msasa, puti, praima, rangi, klia. Bei hazikupishana sana. Nilishinda gerejini mara zote mbili, na nilichokiona ni kwamba wa kwanza aliukodolea macho mkwaruzo, ilhali wa pili alihangaika zaidi na pembeni yake: kiraka kitaishia wapi?

Rimu kama hii ni alumini iliyochanganywa na silikoni, kama asilimia 7, na magnesiamu kidogo sana, ikayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kiwandani husafishwa kwa kemikali, hupigwa praima, mara nyingi ya unga unaookwa kwenye tanuri, kisha rangi, kisha klia, ile rangi angavu ya juu. Tabaka zote hizo zikilaliana hufanya unene wa sehemu moja au mbili tu za kumi za milimita. Ukingo wa zege ukizikata, alumini iliyo wazi haiharibiki haraka, kwa sababu hujivika yenyewe ngozi nyembamba ya oksidi. Uharibifu huanzia pale klia ilipokatika. Maji yenye chumvi hupenya chini yake, huchimba vijia vyembamba vyeupe kama njia za mchwa, na klia huinuka polepole ikiwa bado inaonekana nzima. Mimi naishi Kigamboni, upepo wa bahari naula bure kila siku, na rimu zangu nazo zinaula.

Fundi wa kwanza hakuliangalia hilo. Alipiga msasa palipokwaruzwa, akapaka puti, ukingo wa puti ukakalia klia ambayo chini yake ilikwisha kuachia. Mahali hapo ndipo kazi yake ilipoanza kubanduka.

Wa pili alichukua wembe akaanza kuichokonoa klia kuzunguka jeraha. Ilipotoka, aliendelea, ilipogoma, akaacha. Mkwaruzo wa kiganja kimoja ukawa wa viganja viwili, na nakiri nilitaka kumshika mkono. Hakujibu kitu, alinionyesha tu upande wa ndani wa kipande kilichobanduka: ulikuwa na unga mweupe.

Lakini nimeruka hatua. Kabla ya wembe, kabla ya msasa, aliifungua rimu kwenye gari na kuiosha kwa sabuni na brashi ili kuondoa vumbi jeusi la breki. Halafu akatumia vitambaa viwili, kimoja kimelowa dawa ya kuondoa mafuta, kingine kikavu cha kufuta kabla dawa haijakauka. Ukifuta kwa kitambaa kimoja tu unayahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Mafuta yenyewe yanatoka wapi? Mengi ni ya kung'arisha tairi, yale wanayopaka vijana wa kuosha magari. Mengi yana silikoni ya mafuta, si ile iliyo ndani ya alumini, na silikoni hiyo ni adui wa rangi. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, unaisukumiza ndani ya michirizi ya msasa na huitoi tena kirahisi. Rangi ikija juu yake hukimbia na kuacha vishimo vya duara. Fundi wa kwanza vilimtokea hivyo vishimo. Dawa yake ilikuwa kuvifunika kwa koti zito zaidi.

Baada ya kuosha, tairi nayo ilitakiwa kukingwa. Hapa nilifurahi, maana nilidhani ningeona magazeti na tepu, nikaona pakiti ya karata. Alipunguza upepo kidogo na kuchomeka karata moja moja kati ya mpira na mdomo wa rimu, zikilaliana. Mdomo wa rimu ya inchi 15 una mzunguko wa kama mita 1.3, kwa hiyo karata 52 zinauzunguka wote na kubaki zikipandana. Faida yake ni kwamba rangi inashuka mpaka chini ya ukingo wa tairi, mahali jicho lisipofika. Tepu ingeishia juu ya mdomo na kuacha mstari.

Kwenye jeraha lenyewe alianza na tupa. Zege likisugua alumini halichimbi tu, linaisukuma pembeni na kuinua vinundu vikali. Ukivishusha kwa tupa, sehemu kubwa ya kile ulichodhani ni kina inatoweka, na puti inayohitajika ni ndogo. Kisha msasa namba 120, 240, mpaka 320, akipanua duara kila namba inapopanda, hadi ile ngazi kati ya rangi ya zamani na alumini ikawa mteremko wa upana wa vidole viwili. Aliupima akiwa amefumba macho. Ncha ya kidole huishika ngazi ambayo jicho halijaiona, ila klia ikija juu itaionyesha kila mtu.

Puti aliichanganya na hadina kidogo, dawa ya kuigandisha, karibu sehemu mbili kwa mia. Kwa joto la Dar ukizidisha inaganda kwenye kibao kabla hujafika kwenye rimu, na hadina iliyobaki inaweza kupanda baadaye na kuitia rangi doa. Yule wa kwanza puti yake ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela kwa hadina iliyozidi. Halafu likaja jambo lililonifundisha kuliko yote, nalo ni saa. Alumini iliyopigwa msasa huanza kurudisha ngozi yake ya oksidi papo hapo. Praima ya kawaida ya kijivu, ile ya kopo la kupuliza, haiishiki vizuri. Hukaa juu yake kama vumbi juu ya kioo. Fundi wa pili alitumia praima ya epoksi yenye sehemu mbili za kuchanganya, na aliipuliza muda uleule alipomaliza msasa na kufuta. Hakwenda kula kwanza.

Silva ni rangi ngumu kuliko nyeupe au nyeusi. Ndani yake mna vipande vidogo mno vya alumini vinavyolala kila kimoja kwa namna yake. Ukipuliza maji maji, vinazama na rangi inakuwa nzito. Ukipuliza kwa mbali, kavu, vinabaki juu na inakuwa nyeupe zaidi. Kopo lilelile, mkono uleule, silva mbili. Wala usidhani silva ya bodi ya gari ndiyo ya rimu. Alijaribu kwenye kipande cha kadi, akakipeleka juani, akakiweka kando ya rimu, akarudi kuongeza tone. Mara nne.

Hata hivyo hakutegemea kupata rangi sawasawa kabisa. Alipuliza silva kwenye mdomo wote wa rimu, mzunguko mzima, na kuisimamisha kwenye kona ambapo mdomo unakutana na mikono ya rimu. Kwenye kona mwanga hubadilika wenyewe, kwa hiyo jicho linasamehe tofauti ndogo. Klia hakuisimamisha popote: ilifunika uso wote wa rimu, uliokwisha kukwaruzwa kidogo kwa msasa laini ili klia ishike. Kiraka cha kwanza kiliishia katikati ya mdomo, kama wingu la duara. Siku ya mawingu hukuliona. Jua likitoka, liko pale.

Alianza kupuliza saa nne asubuhi, umande ulipokwisha, akiwa na thina inayokauka polepole. Thina ya haraka hupoza uso wa rangi ghafla. Kwenye hewa yenye unyevu kama ya pwani, maji hukamatwa juu yake na klia inageuka kama maziwa. Klia yake ilikuwa ya kuchanganya na hadina. Ukitaka kujua umepewa ipi, subiri ikauke kwa wiki kisha sugua mahali pa siri kwa kitambaa chenye thina: ile ya kopo isiyo na hadina inalainika na kubaki kwenye kitambaa. Ila hadina hiyo ina isosianeti, inayoweza kuharibu mapafu ya fundi kwa maisha yake yote, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Huyu alivaa ya vichujio na kufanya kazi penye upepo. Inayotakiwa hasa ni ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Gereji za mtaani wanaoivaa ni wachache, na sisi wateja hatuulizi.

Mahali pawili aliziba kabisa rangi isifike: uso wa nyuma unaobana habu, na vikombe vya nati. Rangi ikikaa hapo husagika gari likitembea, nati zinalegea. Alikaza kwa spana ya kupimia, nyutonimita 103, akaniambia nirudi baada ya kilomita 100 akague tena.

Nilimpelekea na rimu ya nyuma, yenye mkwaruzo mdogo kuliko wa kwanza. Aliizungusha, akaipangusa upande wa ndani, akakuta ufa mwembamba kama unywele. Akairudisha mikononi mwangu. Nilitaja kuchomelea, akatikisa kichwa. Alumini ya rimu hupewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto wa zaidi ya nyuzi 500, kuzimwa kwa maji na kupashwa tena kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo kuzunguka ufa, na hakuna puti inayouonyesha wala inayourudisha.

Nikaenda Ilala kutafuta rimu moja ya mtumba. Niliipata, ya aina ileile, imenyooka, haina ufa. Mdomo wake una mkwaruzo mrefu kuliko ule wa Ramadhani.