Kuvunjwa na Kuvunjika: Kauli za Kitenzi katika Istilahi ya Fizikia

Mjini Likasi, kwenye shaba ya Katanga, fizikia husomeshwa kwa Kifaransa, na mazungumzo ya baada ya darasa huwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo tafsiri sisisi hupimwa. Mfano ni “kuvunja ulinganifu wa kurudisha wakati nyuma”, istilahi inayomjia haraka kila aihamishaye dhana hii kutoka lugha za Ulaya.

Kasoro yake ya kwanza ni nyepesi. Hakuna wakati unaorudi. Kinachogeuzwa ni mwelekeo wa mwendo, hata mkondo uliozunguka kulia uzunguke kushoto. Kauli ya kutendua inalijua jambo hilo: afunguaye mlango hairudishi jana.

Kasoro ya pili ni nzito, kwani “kuvunja” hudai mtenda. Na zitazamwe pete ambazo Hilgenkamp na wenzake walizipanga kwa maelfu, wakatangaza matokeo katika jarida la Nature mwaka 2003. Nusu ya kila pete ni niobi. Nusu ya pili ni supakondakta ya itriamu, bari, oksijeni na shaba (shaba ile ile, ambayo katika kazi hii mpya haina msemaji wa Kiswahili). Ndani ya nusu hiyo, wimbi la jozi za elektroni huwa chanya upande mmoja wa fuwele na hasi upande wa pili. Pete ikipozwa haitulii bila mkondo; huuanzisha yenyewe, kulia au kushoto, ingawa nishati ya pande zote mbili ni sawa. Hakuna aliyeuvunja ulinganifu huo: umevunjika. Pete ya kawaida ikitiwa katika uga sumaku wa nje, ulinganifu umevunjwa na uga.

Kifaransa huongeza neno zima ili kuitaja tofauti hiyo. Kiswahili huibeba katika kiambishi kimoja. Atakayepinga atasema kwamba -ik- hudokeza pia uwezekano, kama katika “kioo hiki chavunjika”. Ni kweli, lakini -me- huiondoa shaka hiyo, na nomino “mvunjiko” haina utata huo. “Mvunjiko wa ulinganifu” basi ni bora kuliko “uvunjaji”.

Pete jirani hupendelea kuzunguka kinyume. Zikipangwa tatu kwa pembetatu, ya tatu hukosa upande wa kuwaridhisha wenzake wote wawili. Hapo hata “mvunjiko” hautoshi.