Haki ya Kuvunjika Moyo: Mapenzi ya Kijana Mwenye Ualbino katika Riwaya ya Takadini kwa Jicho la Msomaji wa Arusha

Utangulizi

Riwaya ya Takadini ya Ben J. Hanson imeandikwa kwa Kiingereza na mandhari yake ni ya Washona wa Zimbabwe. Hata hivyo, imepata makao katika shule za sekondari za Tanzania, ambako imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi katika somo la Kiingereza. Huijadili kwa Kiswahili wanafunzi wa Sakina, Kijenge na Tengeru wanapotoka darasani; kwa hiyo mhakiki wa Kiswahili ana wajibu nayo. Arusha ina sababu nyingine ya kuisoma kwa makini. Tarehe 13 Juni 2015, ulimwengu ulipoadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, maadhimisho ya Tanzania yalifanyika katika jiji hili.

Wahakiki wengi huisoma Takadini kama hadithi ya haki ya kuishi. Makala haya yanauliza swali linalofuata baada ya hilo: kijana mwenye ulemavu akishapewa haki ya kuishi, je, riwaya inampa pia haki ya kupenda kama vijana wengine, pamoja na hatari ya kukataliwa na kuumia?

Mkabala wa uhakiki

David T. Mitchell na Sharon L. Snyder, katika kitabu chao cha mwaka 2000, wanadai kwamba masimulizi mengi huutumia ulemavu kama kiungo bandia. Hadithi huuegemea ili isimame, kisha humsahau mtu mwenye ulemavu huo. Dai hilo ndilo linaloongoza uchambuzi huu.

Uchambuzi

Jina Takadini lina maana ya “tumefanya nini?” Mtoto anazaliwa akiwa swali la wazazi wake. Sekai, mama yake, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anatoroka naye ili kumwokoa na mila inayodai auawe. Katika kijiji cha ugenini wanapokewa, na mzee Chivero anamfundisha kijana kupiga mbira na kutambua miti ya dawa. Baadaye Takadini anapendana na Shingai, ambaye anamchagua licha ya upinzani wa wazazi wake.

Mpangilio huu wa matukio una maana. Penzi linakuja baada ya stahili. Kabla ya kupendwa, Takadini amekwisha kuwa mwanamuziki na tabibu. Amelipa, kwa namna ya kusema, mahari ya ubora ambayo kijana mwingine wa kijiji hadaiwi. Kijana wa kawaida katika fasihi hupendwa akiwa mvivu, mwoga au mwenye wivu, na wasomaji humsamehe kwa sababu ya umri wake. Takadini hana nafasi hiyo.

Pili, uzito wa mgogoro umewekwa nje ya wapendanao. Wanaopinga ni wazazi na jamii, naye Shingai anasifiwa kwa ujasiri. Msomaji wa miaka kumi na sita anajifunza kwamba kumpenda mwenye ualbino ni tendo la kishujaa. Sifa hiyo ina sumu ndani yake, kwa kuwa anayependwa kwa ushujaa wa mwenzake hubaki mdeni.

Tatu, na hapa ndipo penye kasoro kubwa, riwaya inamalizia kwa mtoto aliyezaliwa bila ualbino. Rangi ya mtoto inakuwa hukumu ya kumtakasa baba. Kibayolojia hukumu hiyo haina msingi. Aina za kawaida za ualbino huhitaji chembe ya urithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kama Shingai hakuibeba, matokeo hayo yalikuwa ya lazima, na hayasemi lolote kuhusu thamani ya Takadini. Je, mtoto angezaliwa na ualbino, penzi lile lingekuwa kosa? Riwaya haimwachii msomaji jibu la kumtuliza.

Inaweza kujibiwa kwamba mwandishi alilenga kwanza kuokoa uhai, na kwamba katika nchi ambamo watu wenye ualbino wameuawa kwa imani za kishirikina, lengo hilo linatosha. Hoja hii ina uzito. Lakini mwanafunzi mwenye ualbino anayeketi dawati la mbele kwa sababu ya uoni hafifu anaisoma riwaya hiyohiyo pamoja na wenzake, na yeye tayari anaishi. Anachotafuta kitabuni ni habari za moyo wake.

Fasihi ya vijana ya Ulaya na Marekani huliweka pendo la kwanza katika likizo ya majira ya joto. Kwetu mwenzake ni likizo ya Juni, na chini ya Mlima Meru Juni ni mwezi wa baridi na ukungu. Hadithi iliyoandikwa hapo ingeweza kumwonyesha kijana mwenye kofia pana hata siku ya mawingu, kwa kuwa mawingu hayazuii miali yote ya jua. Angeweza kumpita msichana njiani bila kumtambua, naye msichana akadhani amedharauliwa. Shule zingefunguliwa msichana amempenda mwingine, kwa sababu tu mioyo ya vijana hugeuka. Hapo ualbino ungekuwa sehemu ya maisha ya mhusika, na huzuni yake isingekuwa funzo kwa mtu mwingine.

Hitimisho

Takadini inastahili nafasi yake shuleni, kwa kuwa inautetea uhai kwa nguvu. Udhaifu wake ni kwamba inamlinda shujaa wake kupita kiasi: inampa mke na mtoto wa kumthibitisha, lakini haimruhusu kupoteza. Makala haya yanapendekeza kwamba walimu wanapoifundisha, waliweke wazi darasani swali la rangi ya mtoto, na kwamba watafiti wa riwaya ya vijana ya Kiswahili wakipime kitabu kwa kigezo hiki: je, mhusika mwenye ulemavu anaweza kukataliwa kwa sababu isiyohusu ulemavu wake, akalia, kisha akaendelea na maisha?