Safuwima Iliyokosekana katika LLM

Mwaka 2023, Simon Willison alipopanga jedwali la kuhifadhi majibu katika LLM, zana yake ya terminali ya kuzungumza na modeli za lugha, kila rekodi aliipa safuwima ya conversation_id, lakini hakuipa parent_id. Hapo ndipo zana bora kabisa ya aina yake ilipokosea. Kila jibu linajua limo katika mazungumzo gani, ila halijui limezaliwa na jibu lipi. Mazungumzo yakawa mstari mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na anayetaka kurudi katikati ashike njia nyingine hakuwekewa amri ya kumsaidia.

Mengine yamefanywa vizuri: logs.db ni faili la SQLite lililo wazi kwa yeyote, utafutaji wa llm logs -q unafanya kazi yake, na programu-jalizi zimefungua mlango kwa modeli za kampuni nyingi.

Ubaya wa uamuzi ule huonekana kwenye jibu la nne au la tano. Chukua fundi anayejenga mfumo wa kupokea malipo. Maswali matatu ya mwanzo yamekwenda sawa: modeli imependekeza muundo wa hifadhidata, imeurekebisha, imeandika msimbo unaokwenda. Katika swali la nne anauliza habari za malipo yaliyokwama njiani, na modeli inapotoka, inabuni foleni ambayo hakuna aliyeihitaji. Anaikosoa. Inaomba radhi, kisha inaileta foleni ileile kwa sura mpya. Sasa fundi anataka jambo moja tu: kurudi kwenye jibu la tatu, lililo safi, aulize kwa maneno mengine. Wala hataki kulifuta lile tawi lililopotea, maana huenda humo mna wazo la kuokolewa kesho.

Akiandika llm -c, amri ya kuendeleza mazungumzo ya mwisho, zana inakusanya majibu yote yenye conversation_id ileile na kuyapeleka tena kwa modeli, foleni nayo ikiwemo. Akitaja kitambulisho cha mazungumzo kwa --cid, ni yaleyale. Kosa la jibu la nne linasomwa upya kwa kila swali, na tokeni zake zinalipiwa upya kwa kila swali. Linalobaki ni kunakili majibu matatu kwa mkono na kuyabandika katika mazungumzo mapya, ambayo hifadhidata haitajua kamwe kwamba yana undugu na yale ya kwanza. Zana iliyoundwa ili kumbukumbu isipotee inamlazimisha mtumiaji akate ukoo wa kumbukumbu hiyo.

Wapo wanaotetea kwamba API ya mazungumzo ya OpenAI, iliyotoka Machi 2023, inapokea orodha bapa ya ujumbe, na LLM ilifuata umbo hilo. Utetezi huu umepinda. Seva ile haikumbuki chochote; mteja ndiye anayetuma historia nzima kila mara. Kwa hiyo ni mteja anayeamua historia ipi itumwe. Angeweza kuanzia jibu lolote, akapanda mzazi kwa mzazi hadi mzizi, akatuma ukoo huo tu. SQLite inaweza kupanda hivyo kwa WITH RECURSIVE tangu toleo la 3.8.3 la mwaka 2014. OpenAI wenyewe, walipoleta Responses API Machi 2025, waliweka previous_response_id, kielekezi cha mzazi kwa jina jingine.

La kuuma zaidi liko kwenye ChatGPT ya kivinjari, ile ambayo watu wa terminali huidharau. Ukipakua data zako na kufungua conversations.json, utakuta kila ujumbe una parent na children. Mtumiaji wa kawaida anayehariri swali lake anafungua tawi bila hata kujua. Mtaalamu wa amri akanyimwa.

Wakongwe hawakuhitaji kufundishwa haya. MH, programu ya barua pepe iliyozaliwa RAND mwaka 1979, iliweka kila barua katika faili lake, na refile -link ikaruhusu barua moja ikae katika folda mbili bila kunakiliwa. RFC 822 ya mwaka 1982 iliainisha vichwa vya barua pepe vya In-Reply-To na References, ndiyo maana mjadala wa barua mia moja unaweza kuchorwa kama mti hata leo. Git ya Linus Torvalds, Aprili 2005, haikubali komiti isiyomjua mzazi wake, isipokuwa ile ya mzizi. Vim 7.0 ya Mei 2006 ilihifadhi matawi hata ya kutengua. Watu hao walijua kwamba kazi ya kufikiri haiendi mbele tu.

Safu hii imelalamika mara nyingi kuhusu amri zinazokisia “ya mwisho”, na -c ni dawa ileile chungu. Fungua terminali mbili, anzisha mazungumzo katika kila moja, na ya karibuni inaweza kuwa ile usiyoikusudia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Toleo la 0.26 la Mei 2025 lilileta zana ambazo modeli huziita, na majedwali mapya yakaongezwa kwa ajili ya zana hizo. Jedwali la responses likaendelea kutegemea conversation_id ileile. Kazi kubwa ilifanyika juu ya msingi wenye kasoro, wakati kuurekebisha si kazi kubwa. Majibu yana vitambulisho vya ULID, vinavyopangika kwa wakati, basi mzazi wa kila jibu la zamani ni lile lililolitangulia katika mazungumzo yaleyale. Hakuna rekodi itakayopotea.

Linalohitajika ni parent_id katika responses, chaguo la kutaja jibu la kuanzia, na amri ya kuonyesha mti. LLM ina leseni ya Apache 2.0, na ndoano yake ya register_commands inaruhusu programu-jalizi kuongeza amri mpya. Anayeijua Python asisubiri toleo lijalo. Na aanze na jedwali lake mwenyewe la wazazi, pembeni ya lile lililopo.