Hongera, Watunga Programu wa iRail

Stesheni ya Gare du Nord ya Brussels ina njia 12 za treni, lakini handaki la kuvukia katikati ya mji, lililofunguliwa 1952, lina njia 6 tu. Treni moja ikikwama humo, jukwaa hubadilishwa ghafla na abiria hukimbilia ngazi na mizigo yao.

Hapo ndipo ninapowashukuru watu wa iRail, mradi wa kujitolea wa habari za treni ulioanzishwa na Yeri Tiete mwaka 2008. Mwaka 2010 shirika la reli la Ubelgiji liliwaandikia barua likiwataka waache kutoa habari hizo. Hawakuacha. Leo programu yoyote inaweza kuwauliza habari za stesheni hii, bila malipo, ikajibiwa kwa Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza: jukwaa, saa, na ucheleweshaji kwa sekunde. Treni iliyochelewa dakika 5 huandikwa 300, basi. Mimi ninayeishi kwa kazi hii ya kutunga programu naona huo ndio ufundi wenyewe: kumpa mwenzako namba safi, aitumie atakavyo.

Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi, msimbo wao uko wazi kwa kila mtu. Usomeni, kisha tuandikieni wa treni za SGR na mabasi ya mwendokasi.