Kisu cha springi: kimefuliwa Kibaha, kimejaribiwa Kisarawe

"Baba, hiki ni kisu au tindo?"

Shangazi aliniuliza hivyo siku ya kwanza tu, kiroba cha mihogo kiko mbele yake na kisu changu kipya kiko mkononi mwake. Muhogo ulikuwa umepasuka badala ya kukatika. Nilikuwa nimekisifia kisu hicho kwa kila aliyekaa karibu nami tangu Kibaha mpaka shambani kwake Kisarawe, njia ya Maneromango, na sasa sikuwa na jibu. Ilinichukua wiki sita kulipata.

Kisu chenyewe nilikinunua shilingi elfu kumi kwa mhunzi anayefanyia kazi chini ya mwembe, nje kidogo ya Mailimoja. Ni kisu cha springi: bapa la sentimita 17, upana sentimita 3, unene wa mgongo milimita 5, mpini wa mti. Wachoma mkaa wanavyo, wachunga ng'ombe wanavyo, na utingo wa lori wengi hawakosi kimoja chini ya kiti. Ni cha kila kazi: kumenya, kukata kamba, kuchonga vigingi, kuchokonoa tairi, na mwenye nacho akizidiwa, kuchimbia.

Malighafi yake haina ubishi. Springi za malori ya Kijapani aghalabu hutengenezwa kwa pua ya daraja la SUP9, yenye kaboni ya karibu asilimia 0.55, pamoja na manganizi na kromiamu ambazo hazifiki asilimia 1 kila moja. Kaboni ya kiasi hicho inatosha kuifanya pua iwe ngumu ikitiwa moto na kuzimwa ghafla. Nondo nyingi za ujenzi hazina kaboni ya kutosha kwa kazi hiyo. Zipashe na uzizime utakavyo, makali hayatakaa. Kwa hiyo anayenunua kisu cha springi ananunua chuma ambacho tayari ni kizuri. Kinachobaki ni dakika chache za moto, na hapo ndipo visu viwili vilivyotoka kwenye springi moja vinaweza kuachana kabisa.

Niliomba nikae nitazame. Mhunzi aligonga springi tatu kwa nyundo, moja baada ya nyingine, akaitupa ya pili. Mlio wake ulikuwa wa kufa. Springi iliyobeba mizigo miaka mingi huweza kuwa na ufa usioonekana, na ufa huo hauondoki kwa kufuliwa. Mojawapo ya zilizobaki aliikata kwa grenda, akaitia kwenye mkaa unaopulizwa na feni iliyofungwa kwenye rimu ya baiskeli, akaifulia juu ya kipande cha reli. Alipomaliza umbo hakuizima. Aliipasha tena mpaka ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu ipoe taratibu. Nilidhani ni mapumziko ya chai. Kumbe kupiga nyundo huacha chuma kimejaa mikazo, na kisu kikizimwa kabla mikazo haijalegea kinajipinda au kinapasuka ndani ya chombo.

Kisha ukaja wakati wenyewe. Rangi ya damu ya mzee ni moto mchanga. Ukizima hapo hujafanya kitu. Kinachotakiwa ni wekundu mkali unaoanza kuelekea chungwa, kama nyuzijoto 830 hadi 850 hivi. Mhunzi hana kipimajoto. Ana sumaku ya spika ya redio iliyoning'inizwa kwa waya. Chuma kikifika nyuzijoto 770 huacha kushikwa na sumaku, na akishaona hivyo hukiongezea moto kidogo tu. Ndiyo maana anafanyia kivulini: kwenye jua la saa sita rangi hudanganya, nawe utachoma chuma ukidhani bado.

Alikizimia kwenye oili chafu ya injini, si kwenye maji, na alizamisha upande wa makali tu, mgongo ukabaki juu ukiwaka. Maji hupoza pua ya namna hii haraka mno na mara nyingi huipasua. Na kwa kuzamisha nusu, makali yanakuwa magumu huku mgongo ukibaki laini wa kuhimili kugongwa. Mwisho alikisugua kikang'aa, akaulaza mgongo juu ya chuma cha moto, akawa anatazama rangi ikipanda kuelekea makali: manjano ya bua kavu, halafu hudhurungi. Manjano yalipofika kwenye makali, akakichovya kwenye oili. Angechelewa kidogo ingeingia zambarau, kisha bluu, na ugumu ungekuwa umekwenda zake.

"Hapa ndipo vijana wanapokosa subira, mwanangu," alisema. Namwamini. Mwaka juzi nilinunua kisu cha sura hiyohiyo kwa muuzaji wa barabarani, kikakatika vipande viwili kwenye kisiki cha mkorosho. Pale kilipokatikia, punje za chuma zilikuwa kubwa, zinameta kama sukari. Hiyo ni alama ya chuma kilichozidishiwa moto, na pengine hakikurudishwa motoni baada ya kuzimwa.

Hiki nilikifanyia majaribio matatu kabla ya kukipeleka shambani. Tupa iliteleza kwenye makali bila kuuma, ikauma vizuri mgongoni na kwenye sentimita mbili za mwisho karibu na mpini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nikayakandamiza makali juu ya fito ya shaba ya kuchomelea na kuyaburuza: yalipinda kidogo yakarudi, hayakubaki yamepinda wala hayakupukutika. Nikakaza ncha kwenye jiliwa, sentimita tano hivi, nikakivuta mpaka kikapinda kidogo. Kilirudi kimenyooka. Moyo wangu ulichelewa kidogo kurudi.

Basi kwa nini kilishindwa na muhogo?

Kwa sababu ya umbo. Mhunzi alikiacha kinene nyuma ya makali, zaidi ya milimita moja, na makali yenyewe ameyachonga kwa pembe butu kama ya shoka. Kisu cha namna hiyo hakikati muhogo. Kinaingia kama kabari na kuupasua. Ugumu hauna msaada hapo. Wanunuzi wengi hupima kisu kwa uzito na unene, wakiamini kinene ndicho imara, na wahunzi wanawatengenezea wanachokitaka. Mimi mwenyewe nilikichagua kinene.

Nilitumia alasiri nzima kukisugua kwenye jiwe gumu, nikikichovya majini kila mara. Grenda nimeikwepa makusudi, maana makali yakishapata rangi ya bluu kazi yote ya mhunzi imepotea. Nilipunguza unene nyuma ya makali hadi kama nusu milimita, kisha nikatia makali kwenye kinoo. Pembe ni rahisi kuipata bila kifaa: kisu chenye upana wa sentimita 3, inua mgongo sentimita 1 juu ya kinoo, nawe una kama nyuzi 20 kila upande. Shangazi alimenya kiroba kizima siku iliyofuata na hakuuliza swali.

Nilikuwa na cha kulinganishia. Rafiki aliniazima Morakniv Companion, kisu cha Sweden kinachouzwa kwa bei ndogo huko kwao, na ilinichekesha kukileta Kibaha, mji ambao shirika lake la elimu lilianzia kwenye mradi wa nchi za Nordiki uliokabidhiwa Serikali mwaka 1970. Kwa kumenya na kuchonga, Companion kinakishinda kisu cha springi bila jasho, kwa sababu ni chembamba. Kile nilichoazimwa ni cha pua isiyoshika kutu, na kilitoka kwenye utomvu wa mihogo na maji ya mabibo kikiwa vilevile, wakati changu kilikuwa cheusi kufikia jioni. Weusi huo si kutu. Kutu ndiyo ya kuogopa, na kwa hewa ya Pwani nilikifuta kila usiku kwa mafuta ya nazi.

Lakini msuka wa Companion hauendi hadi mwisho wa mpini, na sikuthubutu kukigongea kuni wala kubandulia kitu. Cha springi nilikigonga mgongo kwa gogo kupasua kuni kavu za mkorosho mpaka nikachoka mimi. Panga lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, ila panga huachwa laini makusudi ili tupa iliume shambani, na ukitaka kulichongea kitu kidogo utajikata.

Udhaifu wa kweli ulikuwa mpini. Wiki ya tatu ulianza kucheza. Mhunzi alichoma tundu kwa msuka wa moto kwenye mti uliokuwa bado mbichi, na mti ulipokauka tundu likapwaya. Nilitafuta kipande cha mwembe mkavu, nikajaza gundi ya mirija miwili na kupitisha msumari kwenye mti na msuka, nikauponda pande zote. Ala nayo haikuwepo. Alinifungia kisu kwenye gazeti. Nilipasha kipande cha bomba la plastiki la maji juu ya jiko, kilipolegea nikakiminya kwa mbao mbili kisu kikiwa ndani kimezungushiwa kitambaa, nikatoboa tundu chini maji yapate pa kutokea.

Kwa hiyo elfu kumi ile ilizaa kazi ya siku mbili. Asiye na kinoo wala subira anunue kingine. Nilirudi Mailimoja kuagiza cha pili, cha milimita 3, mpini nitie mwenyewe. Mhunzi alicheka: "Chembamba hivyo watu hawanunui." Kile cha Sweden kimerudi kwa mwenyewe. Cha springi bado kiko kwa shangazi, na kila nikikiulizia ananiambia hajamaliza mihogo.