Mkanda wa Dari, Dirisha la Mizani: Ghorofa za Kale za Uskoti Zilivyojengwa

Dalali wa nyumba wa Glasgow au Edinburgh akitangaza fleti iliyomo katika jengo la kale, hakosi kutaja vitu vya asili vilivyobaki humo: mkanda wa plasta darini, milango ya paneli, madirisha ya kupandisha na kushusha, vigae vya ngazini. Huvitaja kama mapambo, na bei hupanda kwa ajili yake. Ukivitazama kwa jicho la fundi, hesabu inabadilika. Karibu kila kimoja kilikuwa jibu la tatizo fulani la ujenzi, na anayeking'oa hulikuta tatizo hilo likimsubiri palepale.

Majengo yenyewe, tenementi kama yanavyoitwa huko, mengi yalijengwa kati ya miaka ya 1840 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa kawaida yana sakafu nne, kuta nene za jiwe la mchanga, mlango mmoja wa barabarani, ngazi moja ya mawe kwa wote, na fleti mbili au tatu kila sakafu. Mjini Glasgow jiwe la mwanzo lilikuwa la rangi ya maziwa, likichimbwa karibu na mji, sehemu kama Giffnock na Bishopbriggs. Kuanzia miaka ya 1890 reli ikaleta kwa wingi jiwe jekundu kutoka Dumfriesshire na Ayrshire. Waliishi humo daktari mwenye vyumba saba na mfanyakazi wa gati mwenye chumba kimoja na watoto sita. Walitofautiana kwa nafasi na mapambo, lakini namna ya kujenga ilikuwa moja.

Nianze na dari. Seremala alipigilia papi nyembamba za mbao chini ya boriti, akiacha upenyo mdogo kati ya papi na papi. Fundi wa lipu akaja na chokaa iliyochanganywa na mchanga na manyoya ya wanyama, akaikandamiza kwa mwiko mpaka ikapenya kwenye zile nyufa na kujikunja kwa juu. Ikikauka, vifundo hivyo vilivyojikunja ndivyo vinavyoibeba lipu yote ya dari. Manyoya yalikuwa ya kuzuia lipu isipasuke inaponywea. Tabaka la kwanza lilikwaruzwa ili la pili lipate pa kushika, la pili likanyooshwa, la tatu likawa jembamba na laini. Chokaa ni ileile aijuayo mtu wa Lamu au Unguja, ila ya pwani yetu ilichomwa kutokana na matumbawe, na ya huko kutokana na mawe ya chokaa.

Sasa pale dari inapokutana na ukuta ni mahali pabaya. Boriti za mbao hutanuka na kunywea kadiri majira yanavyobadilika, ukuta wa mawe hauendi nazo, na ufa hujitokeza mpakani. Mkanda wa plasta hufunika mpaka huo, na mistari yake ya vivuli humeza nyufa ndogo ambazo kwenye pembe tupu zingeonekana kutoka mlangoni. Ni kweli umbo lake liliazimwa kutoka kwenye mahekalu ya Wagiriki na Warumi, na kweli tajiri aliutaka kwa fahari. Fahari peke yake, hata hivyo, haielezi kwa nini chumba cha kulala cha karani nacho kilikuwa na kimkanda chembamba kisicho na ua hata moja.

Leo fundi wa Dar es Salaam hununua mikanda ya jipsamu dukani ikiwa tayari na kuibandika kwa siku moja. Ule wa tenementi ulivutwa ukutani palepale. Kwanza lilikatwa bati la zinki kinyume cha umbo linalotakiwa: mkanda unapobonyea, bati linabenuka. Bati likapigiliwa kwenye ubao wenye mkono wa kushikia na kitako cha kutelezea, na ukutani kikapigiliwa kipande kirefu cha mbao kiwe reli. Mkanda ukiwa mkubwa, nyuma yake kilijengwa kwanza kiunzi cha mbao na papi, maana plasta ikijazwa tu inakuwa nzito na ya gharama. Kisha wakasimama watu wawili juu ya jukwaa, mmoja akirusha mchanganyiko na mwingine akisukuma chombo kando ya reli, bati likikwangua kilichozidi. Mara za kwanza umbo hutoka limechanika na lina mashimo. Wanarudia kwa mchanganyiko mwepesi zaidi, wanarudia tena, mpaka kingo zinakuwa kali.

Ugumu wa kazi hiyo uko kwenye mchanganyiko. Chokaa peke yake hukawia mno kuganda. Jasi peke yake huganda kwa dakika chache na kufura kidogo. Wakavichanganya, uji mzito wa chokaa kwa ajili ya ulaini na jasi kwa ajili ya haraka. Ukizidisha jasi, kitu kinaganda ndooni. Ukipunguza, kinadondoka kichwani.

Na chombo hakifiki konani, kwa sababu kitako chake kina urefu. Kila kona ya chumba ilibaki na pengo, nalo lilijazwa kwa mkono kwa rula ya chuma iliyokatwa mshazari, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka mikunjo ya kuta mbili ikutane bila kupishana. Wageni hutazama ua la katikati ya dari. Mimi nakwenda konani. Hapo ndipo panapoonyesha kama kazi ilimaliziwa na fundi mkuu au na kijana wake.

Majani na maua hayakuvutwa na bati. Yalimwagwa kwenye kalibu, kisha yakabandikwa kwenye mfereji ulioachwa katikati ya mkanda. Kalibu ngumu haiwezi kutoa jani lililojikunja kwa ndani, litanasa na kuvunjika. Karne ya 19 mafundi wakaanza kutumia jelatini, ile gundi inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa: ikipoa hunyumbulika, unaivuta na jani linatoka zima. Mwaka 1856 Leonard Alexander Desachy alipata hataza ya plasta iliyoimarishwa kwa turubai, na kwa njia hiyo hata ua kubwa la katikati ya dari likaweza kutengenezwa karakanani, jembamba na jepesi, likapandishwa na kufungwa. Chini yake ilining'inia taa ya gesi, iliyotoa joto na masizi usiku kucha.

Mkanda una faida nyingine ambayo waliouvuta hawakuikusudia. Unasomeka. Sebule ya mbele ilipewa mkanda mnene kuliko vyote, chumba cha kulala chembamba, jikoni mara nyingi hakuna kitu. Ukiona mkanda umefika ukutani ukakatika ghafla bila kona, ukuta huo umeongezwa baadaye, haidhuru muuzaji anasema nini.

Nihamie dirishani, ambako uhandisi unanivutia kuliko wa dari. Dirisha lina fremu mbili za kioo, ya juu na ya chini, zinazopishana kwenye njia zao. Pembeni, ndani ya kasha la mbao, yamefichwa mapande ya chuma yanayoning'inia kwa kamba zilizopita juu ya kapi. Kila fremu ina mapande mawili, kwa hiyo dirisha moja lina mapande manne. Mizani yake si sawasawa, na haikukosewa. Ya fremu ya juu huzidi kidogo uzito wa fremu, ili ibaki imebana juu. Ya fremu ya chini hupungua kidogo, ili itulie kwenye kizingiti. Ukifungua kidogo juu na kidogo chini, hewa ya moto inatoka kwa juu na ya baridi inaingia kwa chini, bila feni.

Siasa za kodi nazo zimo humo. Ushuru wa vioo ulifutwa mwaka 1845, kodi ya madirisha mwaka 1851, na vioo vikubwa vikawa nafuu. Vijiti vilivyogawanya dirisha katika vioo vidogo vikaondolewa. Lakini vijiti hivyo vilikuwa vikisaidia kuishika fremu, na kioo kikubwa ni kizito. Seremala akaurefusha mwimo wa fremu upite maungio yake, ukatokeza kama pembe ndogo pande zote mbili, ili maungio yasiachie. Watu huziita pembe hizo pambo la enzi ya Victoria. Zinabeba mzigo. Na kwa kuwa sakafu ya nne iko juu mno kwa ngazi ya msafishaji, Uskoti ilizoea bawaba maalumu: unafungua kamba, fremu ya chini inageuka ndani kama mlango, nawe unasafisha kioo ukiwa umesimama sebuleni kwako.

Ndani ya dirisha kuna vibao vya kukunja vinavyojificha kwenye kasha la pembeni mchana. Majaribio yaliyofanywa na Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian kwa ajili ya taasisi ya urithi Historic Scotland, na kuchapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba vikifungwa hupunguza karibu nusu ya joto linalopotea kupitia kioo. Wangapi waliving'oa wakanunua hita?

Sakafuni kuna kitu kisichoonekana kabisa. Kati ya boriti, mafundi walipanga mbao na kuzijaza majivu na udongo, uzito wa kunyamazisha kelele za jirani. Anayeyachota apitishe mabomba husikia tangu siku hiyo kila kikohozi cha fleti ya pili. Ngazini, vigae vilivyong'arishwa vilipanda mpaka usawa wa bega katika majengo ya wenye uwezo, vikaoshwa kwa zamu za wapangaji. Na mjini Edinburgh kila sakafu ilikuwa na mpini uliounganishwa kwa waya na fito hadi kwenye komeo la mlango wa barabarani: kengele ikilia, unavuta, mgeni anaingia, hujashuka hata kidato kimoja.

Anayetaka kuona fleti nzima ikiwa na vitu vyake aende namba 145 Buccleuch Street, Glasgow, kwenye jengo la mwaka 1892. Agnes Toward, mpiga chapa, aliishi humo na mama yake tangu mwaka 1911, akabaki mpaka 1965 bila kubadilisha mengi. Sasa inatunzwa na National Trust for Scotland. Kitanda cha jikoni kimo ndani ya ukuta, karibu na jiko la makaa ya mawe, mahali penye joto kuliko pote, na pipa la makaa limo humohumo.

Kwingine mengi yalitoweka. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ilianza kuyaondoa makaa yenye moshi, na meko nyingi zikazibwa. Miaka hiyohiyo Barry Bucknell aliwaonyesha watazamaji wa BBC jinsi ya kuufunika mlango wa paneli kwa hadibodi uwe bapa na wa kisasa. Mafundi wa leo humlaani. Naona wanamwonea: hadibodi iliyopigiliwa misumari midogo ililinda paneli chini yake, na dari bandia zilizoshushwa ziliacha mikanda mizima kwa juu. Aliyeharibu kweli ni yule aliyekuja na saruji, akaziba maungio ya jiwe la mchanga nje. Unyevu ukakosa pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe, na uso wa jiwe ukabanduka.

Kukarabati mkanda huanza kwa kuosha. Tabaka za mwanzo zilikuwa rangi ya chaki na gundi, hulainika kwa maji ya vuguvugu, na majani yaliyozikwa kwa rangi ya miaka 100 hujitokeza upya. Pakikosekana kipande, fundi hukata mpenyo mwembamba kwa msumeno kwenye sehemu iliyobaki, huingiza karatasi ngumu, huchora umbo, na kutokana na mchoro huo hukata bati jipya la zinki.

Dari inayolegea ni shida nyingine. Vile vifundo vilivyoishika viko upande wa juu, yaani chini ya mbao za sakafu ya jirani, na njia iliyo bora ni kuvimwagia plasta mpya kutokea huko. Dari ni yako, lakini sakafu ni yake. Akikataa kuifunua, fundi atalazimika kufanya kazi kutoka chini: atakaza skrubu na washa za chuma cha pua mpaka kwenye boriti, apige lipu juu yake, na akuambie waziwazi kwamba amekuwekea kiraka.