Handaki la Mgeni

Jean-Pierre Chrétien alifundisha historia hapa Bujumbura miaka ya 1960. Mwaka 1985 akatoa makala katika jarida la Annales la Ufaransa juu ya ile inayoitwa dola ya Bacwezi. Nimeisoma kwenye fotokopi iliyofifia, polepole, juu ya Kifaransa changu. Ni makala nzuri, na mkimbizi yeyote wa Maziwa Makuu angefaa kuisoma. Ila kuna kitu sikukipata ndani yake.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Uganda, upande wa kusini wa mto Katonga, kuna mahandaki ya kale yanayoitwa Bigo bya Mugenyi. Ukiyapima yote pamoja yanazidi kilomita 10, na mahali pengine yanafika mita 4 kwenda chini, yamechimbwa mpaka kwenye mwamba. Mwenye kujua Kiganda atakwambia: bigo ni ngome, na mugenyi ni mgeni. Ngome za mgeni! Wengine husema Mugenyi lilikuwa jina la mtu, mmoja wa Bacwezi. Sawa, lakini jina lilishaleta matata.

Maana Wazungu walipofika walikuwa na jibu tayari mfukoni. Speke, katika kitabu chake cha 1863, alisema wafugaji wanaotawala huku wametoka Ethiopia, ni watu wa aina nyingine, wakaja wakawakuta wakulima. Waliomfuata wakaliunganisha wazo hilo na Bacwezi wa hadithi za wazee: eti ndio wageni wenye akili waliojenga dola kubwa, kisha wakatoweka. Ukiona kazi kubwa, tafuta mtu wa mbali aliyeifanya. Ndivyo walivyofanya na Zimbabwe Kuu vilevile, hata baada ya MacIver mwaka 1905 kusema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika.

Hapa Chrétien ana nguvu. Anaonyesha jinsi hadithi ya imani iligeuzwa kuwa ramani ya dola, na jinsi ramani ile ilivyopata wateja, wamisionari kwanza, halafu na wasomi wetu wenyewe. Wrigley alishaandika mwaka 1958 kwamba Bacwezi ni miungu kuliko wafalme. Warundi wanaojua habari za Kiranga na kubandwa hawatashangaa. Na hii si mambo ya vitabu tu. Neno "mgeni" likishabandikwa kwenye damu ya mtu, halibanduki kwa urahisi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba, kilomita chache tu toka tunapoandikia gazeti hili, waliuawa zaidi ya wakimbizi 150, wengi wao Banyamulenge. Kuna wasomaji wetu waliozika ndugu zao pale.

Ndiyo maana naona makala imeishia njiani. Inabomoa hadithi ya mgeni, lakini mtu akiuliza, "Basi nani alichimba?", inamwacha mikono mitupu. Na anayeachwa mikono mitupu hurudi kwa Speke.

Jibu liko kwenye udongo. Shinnie alichimba Bigo mwaka 1957, Posnansky akarudi mwaka 1960. Umri unaotajwa ni kama karne ya 14 hadi ya 16. Vyungu vilivyotoka ni vile vilivyopambwa kwa kamba iliyosokotwa, vya kwetu kabisa, vinaonekana Maziwa Makuu kote. Na si mbali na pale kuna Ntusi, makazi makubwa ya zamani zaidi, kuanzia karne ya 11 hivi, na huko wamekuta mifupa mingi sana ya ng'ombe pamoja na dalili za kilimo. Mahali pamoja! Mfugaji na mkulima ambao Speke aliwatenganisha walikuwa wanatupa takataka kwenye lundo moja. Sentensi hiyo ndiyo niliyoitafuta kwa Chrétien.

Posnansky naye simsifu moja kwa moja. Alipata ng'ombe, lakini akili yake ilikuwa inatafuta mfalme. Nilimwonyesha jirani yangu, mzee mfugaji wa zamani kutoka milima ya juu ya Uvira, ramani ya yale mahandaki. Hakuuliza habari ya mfalme. Alifuata kwa kidole handaki la nje linavyoelekea kwenye mto, akasema: "Muone, maji iko ndani. Hapa walifikiria ng'ombe." Nikamwambia wengine wanasema ni ya vita. Akacheka: "Mwana wangu, ng'ombe na vita, lini viliachana?"

Wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma huenda wanaujua ukuta wa Hadrian kule Uingereza, ulioanza kujengwa mwaka 122, kilomita 117 hivi. Ule una mawe yenye jina la mfalme na la gavana wake. Hata hivyo kwa karne nyingi wasomi walisema ni wa Severus, mpaka Hodgson alipowasahihisha mwaka 1840. Kama wenye maandishi walikosea muda wote huo, Bigo isiyo na hata herufi moja ingesomwa kwa pole zaidi.

Makala ya Chrétien, kwa ninavyojua, haiko kwa Kiswahili. Mzee ameomba nimsomee iliyobaki, na tumefika katikati. Kila nikitaja neno "dola" ananisimamisha kuuliza walichunga wapi.